Riwaya za Mauaji Zinazotuliza Moyo

Kwa mtazamo wa juu juu, ni ajabu mtu kutafuta utulivu katika kitabu kinachoanza na maiti. Hata hivyo, ipo aina ya riwaya ya upelelezi iliyotungwa kwa ajili hiyo hasa. Mauaji hutokea mbali na macho ya msomaji, damu haielezwi kwa kirefu, mpelelezi mara nyingi ni raia asiye na cheo wala silaha, na mahali ni pale ambapo watu wanajuana, kama mji mdogo wa kando ya bahari. Wasomaji wa riwaya hizi ni wengi, na wako wanaowaonea haya kwa kupenda kitu chepesi. Mimi naona wanachokipenda si chepesi hata kidogo. Raha ya riwaya hizi haitoki kwenye kifo. Inatoka kwenye kuona ujuzi wa kila siku, ule wa kuwajua watu na mienendo yao, ukipimwa kwa akili mpaka ukafichua ukweli uliofichwa.

Mji wa pwani unafaa kwa kazi hiyo kwa sababu ya watu wake. Una wenyeji wanaojuana tangu utotoni, na una wageni wanaokuja kupunga hewa ambao hakuna anayejua walikotoka. Mwenyeji hawezi kubadili desturi yake bila kuonekana, ilhali mgeni anaweza kujiita jina lolote. Agatha Christie aliyajua mazingira hayo vizuri, maana alizaliwa mwaka 1890 Torquay, mji wa mapumziko ulio pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza. Katika Peril at End House ya mwaka 1932, mpelelezi wake Hercule Poirot yuko mapumzikoni katika mji wa aina hiyo. Katika Evil Under the Sun ya 1941, mauaji hutokea kwenye kisiwa kidogo ambacho njia yake ya kwenda bara hufunikwa na maji yanapojaa. Hapo bahari imekuwa sehemu ya fumbo lenyewe: inaweka mpaka, inapunguza idadi ya washukiwa, na inampa msomaji nafasi ya kufikiri pamoja na mpelelezi.

Mfano ulio wazi zaidi ni Sleeping Murder, iliyotoka mwaka 1976 baada ya kifo cha Christie. Bibi harusi kijana kutoka New Zealand ananunua nyumba katika mji wa pwani wa kubuni uitwao Dillmouth. Anaamini hajawahi kufika hapo, lakini anafungua kabati lililozibwa miaka mingi na kukuta ndani yake karatasi ya ukutani ileile aliyokuwa ameiwaza. Polisi hawana kesi, wala hakuna maiti iliyopatikana. Anayemsaidia ni Miss Marple, bibi mzee ambaye nyenzo zake ni mazungumzo ya dukani na kumbukumbu za waliokuwa wapishi na watunza bustani. Watu hao, ambao kwa kawaida hawaulizwi kitu, ndio wanaobeba historia ya mji. Riwaya inawapa heshima wanayostahili.

Hapa huja pingamizi la kwanza: je, huku si kuutukuza umbeya? Lingekuwa na nguvu kama mpelelezi angeamini kila analoambiwa. Jibu zuri liko kwetu, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyochapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa mahali pa mzimu, na vinywa vinaanza kuusema mzimu wenyewe. Bwana Msa, mvuta kiko asiye askari, anasikiliza yote hayo, kisha anauliza nani alikuwa wapi, na nani angefaidika. Umbeya huishia kwenye kusema, lakini upelelezi huanza pale maneno ya watu yanapowekwa kwenye mizani. Padri Ronald Knox, katika kanuni kumi za hadithi za upelelezi alizoziandika mwaka 1929, alikataza miujiza katika utatuzi wa fumbo na kumtaka mpelelezi asimfiche msomaji dalili alizoziona. Zaidi ya burudani, kanuni hizo zinamzoeza msomaji kudai ushahidi kabla ya kumtuhumu mtu.

Pingamizi la pili ni la Raymond Chandler, mwandishi wa Marekani, ambaye mwaka 1944 alizishutumu hadithi za namna hii kwa kuwa mbali na uhalifu ulivyo. Hoja yake ina ukweli. Mfululizo wa televisheni wa Murder, She Wrote, uliorushwa kuanzia 1984 hadi 1996, ulileta mauaji mengi katika mji mdogo wa Cabot Cove hata ukawa mfano wa jambo lisiloaminika. Lakini riwaya hizi hazidai kutoa hesabu ya uhalifu. Zinachunguza wivu, urithi, aibu na tamaa, mambo yaliyomo katika kila mji, nazo zinafaa kupimwa kwa hayo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kifo hugeuzwa mchezo. Hapa sitazitetea zote. Ziko riwaya ambamo marehemu huchorwa kuwa mtu wa kuchukiza ili asiwepo wa kumlilia, na huo ni udhaifu wa kweli. Zilizo bora hufanya kinyume: mji mzima husimama kwa ajili ya mtu mmoja, maisha yake huulizwa kwa makini, na haikubaliki kwamba aliyekufa asahaulike hivi hivi.

Kwa hiyo anayetaka kuzifaidi asikimbilie ukurasa wa mwisho. Aangalie nani kabadili desturi yake, nani anajua jambo ambalo hakupaswa kulijua, na ni habari gani inayorudiwa na wengi bila hata mmoja wao kuishuhudia. Msomaji akifanya hivyo, hata akikosea kumtaja muuaji, atakuwa amejizoeza kuwasikiliza watu kwa makini na kuwahukumu kwa haki. Kitabu kinachofundisha hayo huku kikituliza hakihitaji kusomwa kwa kificho.