Mvua na baridi: Jiandae wewe na bodaboda yako ya umeme

NI saa 11 alfajiri. Mvua imenyesha usiku kucha, na mwendesha bodaboda wa Nansana amesimama mlangoni akitazama matope. Akirudi kulala, hesabu ya siku haitatimia, na rejesho la mkopo wa pikipiki halingojei jua litoke. Akitoka bila kujiandaa, huenda akarudi na homa, akarudi akisukuma pikipiki iliyozima, au asirudi kabisa.

Msomaji anaweza kuuliza: baridi gani Kampala, mji ulio jirani kabisa na mstari wa ikweta? Jibu ni mwinuko. Mji huu uko takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri za mvua joto hushuka hadi nyuzi 16 au 17. Kwa aliyejifunika blanketi, hiyo si baridi ya kutisha. Kwa aliye juu ya pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa, nguo zikiwa zimelowa, ni habari nyingine. Upepo humnyang'anya joto la mwili, na maji yanapokauka kwenye ngozi huondoka na joto zaidi. Vidole hufa ganzi, na vidole vyenye ganzi huchelewa kubana breki.

Mvua kubwa za Kampala huja mara mbili kwa mwaka: kati ya Machi na Mei, kisha kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Zamani bodaboda zilikuwa baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia. Baadaye zikaja pikipiki za petroli, na sasa zipo za umeme. Kampuni ya Zembo ilianza shughuli zake Kampala mwaka 2018, na mwaka 2023 kampuni ya Spiro ikaingia kwa mpango wa kuleta maelfu ya pikipiki. Mwendeshaji hufika kituoni, huacha betri iliyokwisha chaji, huchukua iliyojaa na kuendelea na safari.

Je, baridi huua betri?

Wapo wanaoamini kwamba betri ya umeme haiwezi baridi. Hilo ni kweli kwa nchi za theluji kama Norway na Canada. Betri ya lithiamu hufanya kazi kwa mwendo wa kemikali ndani yake, na baridi hupunguza mwendo huo, hivyo pikipiki hukosa nguvu na hufika karibu kuliko kawaida. Hatari kubwa zaidi ni kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu lithiamu huganda kama utando ndani ya betri na kuiharibu moja kwa moja.

Kampala haifiki huko. Hata Kabale na Kisoro, ambako asubuhi watu huvaa makoti mazito, joto hubaki juu ya sifuri. Barafu ya Uganda iko juu ya milima ya Rwenzori, na huko hakuna abiria wa bodaboda.

Kwa nini basi chaji huisha mapema siku za mvua? Sababu ziko barabarani. Matope hushika magurudumu, taa huwashwa mchana, upepo hupiga kifuani, na tairi lisilo na upepo wa kutosha hula nguvu zaidi. Dawa yake ni kupima upepo wa tairi kila asubuhi na kubadilisha betri mapema. Usingoje ibaki asilimia 10 huku wingu jeusi likitanda, kwani ukikwama njiani utakwama kwenye mvua.

Adui ni maji

Wengine huogopa kupigwa shoti wakinyeshewa. Pikipiki nyingi za aina hii hutumia volti 60 au 72, tofauti na volti 240 za nyumbani, na betri yake hufungwa ndani ya kasha lenye kifaa cha kukata umeme panapotokea hitilafu. Mvua ya kawaida haina neno, mradi kasha na nyaya ni zima.

Mafuriko ni jambo jingine. Injini ya petroli ikizama huvuta maji na kuzima, hivyo mwenye nayo hulazimika kuogopa. Pikipiki ya umeme haina bomba la moshi wala njia ya kuvuta hewa, na hapo ndipo mwendeshaji hudanganyika akaingia. Mota iliyopata moto ikitumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake hunywea na kuvuta maji kupitia mipira ya kuzibia. Ukiona betri imeandikwa IP67, maana yake ilipimwa ikiwa mpya, katika maji yaliyotulia, ya kina cha mita moja, kwa dakika 30. Maji yanayokwenda kasi Bwaise au kando ya mfereji wa Nakivubo hayajatulia, na betri iliyokwisha kuanguka mara tatu si mpya.

Isitoshe, maji huficha mitaro iliyo wazi. Machi 2025 mafuriko ya Kampala yaliua watu kadhaa. Maji yakifunika nusu ya gurudumu, geuza. Nauli ya abiria mmoja hailingani na maisha.

Baada ya mvua, futa kwa kitambaa kikavu sehemu betri inapoungana na pikipiki kabla ya kuweka betri nyingine. Unapoosha pikipiki, usielekeze mashine ya maji ya kasi kwenye nyaya, mota wala kasha la betri. Ndoo na kitambaa vinatosha. Betri iliyozama isichajiwe wala kufunguliwa, kwani inaweza kuwaka moto. Irudishe kituoni na ueleze ukweli. Usome pia mkataba wako ujue nani hulipa betri ikiharibika.

Barabarani

Dakika za kwanza za mvua ndizo zenye utelezi mkubwa, kwa sababu mafuta na vumbi la lami huchanganyika na maji. Ongeza nafasi kati yako na gari la mbele na uanze kubana breki mapema, za mbele na nyuma kwa pamoja, polepole.

Mota ya umeme hutoa nguvu zake zote tangu pikipiki inapoondoka. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, ukikata moto kwa pupa gurudumu la nyuma litazunguka mahali pamoja na kukulaza chini. Tena pikipiki hii haina mlio. Mama aliyejifunika mwavuli hawezi kukusikia ukija, hivyo tumia honi.

Radi zikianza, ingia kwenye jengo imara, si chini ya mti. Waganda hawajasahau Juni 2011, radi ilipoua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo.

Mwili nao

Desturi ya kuvaa jaketi kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni, si mchezo: hukinga kifua na upepo. Juu yake vaa koti la mvua, na juu kabisa kizibao kinachong'aa, kwani koti jeusi halionekani na dereva wa teksi. Ukinyeshewa ghafla, hata gazeti hili, ukishalisoma, likunjwe likae kati ya shati na jaketi. Vaa glavu na gambuti. Asiye na gambuti avae mfuko wa plastiki juu ya soksi kabla ya kiatu. Kioo cha helmeti kikiingia ukungu, kipake sabuni ya maji kidogo kwa ndani, kisha ukifute kwa kitambaa kikavu.

Kula kabla ya kutoka. Sahani ya katogo na chai ya tangawizi humpa mtu joto la saa kadhaa. Waragi haifai. Vile vifuko vyake vilivyopigwa marufuku mwaka 2019 viliwadanganya wengi: pombe hupeleka damu kwenye ngozi, mtu akajiona amepata joto, kumbe joto linamtoka, na akili inapungua.

Kuhusu nimonia, madaktari hueleza kwamba huletwa na vijidudu, si baridi yenyewe. Hata hivyo, mwenye kikohozi na homa isiyopungua aende zahanati badala ya kuendelea kubeba abiria mvuani.

Rejesho la leo ukilichelewesha, unaweza kwenda kuzungumza na mkopeshaji kesho. Kwa hiyo mvua ikizidi, simamisha pikipiki penye paa na ungoje ipungue. Abiria naye atangoja, na mvua ikikatika wote mtakuwa na haraka ya kuondoka.