Kadi ya Picha: Umeme Uingilie Wapi, Joto Litokee Wapi?



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika toleo hili tumeona ni vyema tuzungumzie kifaa ambacho vijana wetu wanakiulizia sana, nacho ni kadi ya picha ya kompyuta. Wapo wanaotaka kujifunza kuchora ramani za nyumba, wapo wanaotaka kuhariri video au kutengeneza mabango. Wakifika Karatu au Arusha mjini muuzaji huwaambia, "Hii ina kadi kubwa, chukua hii." Mzazi hauzi ndama kila mwezi, na fedha ikishatoka hairudi. Kwa hiyo tunaeleza mambo mawili ya kutazama kabla ya kulipa: joto la kadi linatokea wapi, na umeme wake unaingilia wapi.

Kadi hii ni nini?

Ni ubao unaochomekwa kwenye ubao mkuu, ndani ya kasha la kompyuta ya mezani. Katikati yake ipo chipu inayopiga hesabu za kila nukta tunayoiona kwenye skrini. Skrini ya kawaida ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, na picha hubadilishwa mara 60 kwa sekunde moja. Kazi hiyo inahitaji umeme, na karibu umeme wote unaoingia kwenye kadi huishia kuwa joto. Kadi ya wati 30 hutoa joto la wati 30. Kadi ya wati 450 hutoa joto la karibu nusu ya pasi ya umeme, tena ndani ya kasha lililofungwa. Chipu ikizidi kupata joto hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na hali ikizidi kompyuta huzimika katikati ya kazi.

Joto hutolewaje?

Sote tunajua kwamba chai ya moto ikimiminwa kwenye kisahani hupoa upesi kuliko ikibaki kikombeni, kwa sababu imetandazwa na hewa inaigusa sehemu kubwa zaidi. Tembo wa Ngorongoro naye hutumia masikio yake mapana kwa njia hiyo hiyo. Watengenezaji wa kadi huweka juu ya chipu kipande cha shaba au alumini chenye mabapa mengi membamba, ili joto litandazwe na hewa ilichukue.

Kadi kubwa huwa pia na mabomba ya shaba yaliyozibwa, yenye maji kidogo ndani. Maji huchemka upande wa chipu, mvuke hukimbilia upande wa mabapa, hupoa na kuwa maji tena, kisha hurudi. Ni kama matone tunayoyaona chini ya kifuniko cha sufuria.

Upo mpangilio wa aina tatu. Ya kwanza haina feni, nayo inafaa kadi ndogo tu. Ya pili ina feni moja inayosukuma hewa ya moto nje kupitia nyuma ya kasha. Ina kelele, lakini inafaa kasha dogo. Ya tatu ina feni mbili au tatu. Ina utulivu, lakini sehemu kubwa ya joto huimwaga ndani ya kasha. Kasha lisipokuwa na feni yake ya kutolea hewa, kadi hurudia kuvuta joto lake mwenyewe.

Umeme huingilia wapi?

Tundu ambamo kadi huchomekwa linaweza kuipa wati 75 tu. Inayohitaji zaidi huletewa waya kutoka kwenye pawa saplai. Plagi ya pini 6 imewekewa kiwango cha wati 75, na ya pini 8 wati 150. Plagi ikiwa ubavuni mwa kadi, waya huweza kubanwa na mlango wa kasha. Ikiwa mwishoni mwa kadi, huweza kugongana na sehemu ya diski. Tena mahali pa plagi hutegemea njia ya hewa. Mwaka 2020 kampuni ya NVIDIA ilipotoa kadi yake ya RTX 3080, ilifupisha ubao ili feni ya nyuma ipitishe hewa moja kwa moja hadi upande wa pili. Kwa kuwa ubao uliishia njiani, plagi ya umeme nayo ikaja kukaa karibu na katikati ya kadi.

Oktoba 2022 ilitoka RTX 4090, kadi ya wati 450, ikiwa na plagi ndogo mpya inayoruhusiwa kupitisha hadi wati 600. Mwezi huo huo zikaanza kusikika habari za plagi zilizoyeyuka. Tupige hesabu: wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50, na pini za kuleta umeme ni 6, yaani zaidi ya ampea 8 kwa kila pini. Baadhi ya pini zisipogusana vizuri, umeme wao huhamia kwa wenzao. Umeme ukiwa mara 2 katika pini, joto lake huwa mara 4. Novemba 2022 kampuni hiyo ilisema tatizo lililoonekana sana ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Mwaka 2023 plagi ilirekebishwa ili ikichomekwa nusu kadi isiwake. Hata hivyo mwaka 2025 habari za kuyeyuka zilisikika tena kwa RTX 5090, kadi ya wati 575.

Na sisi wa Kakesio?

Kwa anayetegemea sola hesabu ni nyepesi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, yaani 600. Kompyuta inayotumia wati 150 kwa jumla itafanya kazi kama saa 4. Inayotumia wati 600 itamaliza kwa saa moja, na watoto watakosa taa ya kudurusu usiku. Kwa hiyo tunashauri haya:

1. Kompyuta za ofisi zilizotumika mara nyingi zina pawa saplai ndogo isiyo na waya wa kadi. Hizo zitafutiwe kadi isiyozidi wati 75 na isiyo na plagi, mfano GT 1030 ya wati 30.

2. Msinunue adapta rahisi ya kugeuza waya wa diski kuwa waya wa kadi. Waya ule haukukusudiwa mzigo huo, na unaweza kuwaka moto.

3. Plagi isukumwe hadi ilie "ta", na waya usikunjwe karibu na plagi.

4. Kompyuta isiwekwe sakafuni penye vumbi. Na vile vitambaa vya kufuma tunavyopambia visitandikwe juu yake inapowaka, kwani huziba njia ya hewa.

5. Kila mwezi, hasa kiangazi, izimwe, ichomolewe, na vumbi litolewe kwa brashi laini huku feni imeshikiliwa isizunguke.

Mwanafunzi akienda kununua na mzazi wake, amwombe muuzaji afungue kasha. Atazame feni, atazame plagi, aulize wati. Muuzaji asiyekubali kufungua, na aachwe na mali yake. Fedha ya mzazi ni amana, na amana haitolewi kwa kitu ambacho hakijatazamwa ndani.