Unaenda Kortini? Andika Tarehe, Acha Kelele

Msimu wa maembe Tarasaa huacha madeni. Dalali amebeba mzigo, "kesho nakutumia," na hiyo kesho haifiki. Kijana anakimbilia mahakama ya Garsen na karatasi: "Huyu ni mwizi, amenitesa sana."

Pole, lakini hakimu hapimi uchungu. Kanuni za kesi za madai za 2010 zinataka ueleze mambo ya msingi kwa ufupi, kila dai na aya yake yenye namba. Mfano:

3. Tarehe 5 Januari, hapa Tarasaa, mshtakiwa alichukua maembe yangu 2,000 kwa makubaliano ya Sh5 kila moja.
4. Amelipa Sh4,000 pekee.
5. Bado nadai Sh6,000.

Umeona? Hakuna neno "mwizi", na deni limesimama.

Tena kuna siri hapa. Kwa kanuni hizo, jambo ambalo mshtakiwa hakulikana huhesabiwa amelikubali. Ukiandika "amenitesa", atakana kwa neno moja, mchezo umeisha. Ukimpa tarehe, idadi na bei, itabidi ajibu kila moja. Meseji za M-Pesa ni ushahidi, ziambatanishe pembeni.

Kwa hivyo kabla ya kalamu, jiulize: nani, lini, wapi, pesa ngapi?