Kulanti kwa magari ya Ufipa: mnunuzi aangalie nini

Lori linalopakia dagaa na migebuka Kasanga huanza safari likiwa karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Likifika Sumbawanga, baada ya zaidi ya kilomita 100, liko kwenye mita 1,800 hivi. Lori la mpunga kutoka bonde la Ziwa Rukwa nalo hupanda kimo cha kukaribiana na hicho, tena kwa kasi zaidi, kwenye kingo za Lyamba lya Mfipa. Hapo ndipo faida ya safari inapoweza kuishia. Injini ikichemka na gasketi ya silinda hedi ikaungua, mzigo unalala njiani, samaki wabichi wanaharibika, na fedha iliyotengwa kwa ununuzi wa mahindi inakwenda kwa fundi.

Wenye magari wengi huhesabu kulanti kuwa dawa ya kuzuia maji yasigande, kitu cha Ulaya. Ni kweli kwamba baridi ya Juni na Julai Sumbawanga ni kali kwa binadamu, lakini si ya kupasua injini kwa barafu. Tatizo la Ufipa liko upande wa pili wa kipimajoto. Dar es Salaam maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Sumbawanga, kwa kuwa hewa ni nyepesi, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Themostati ya injini nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, kwa hiyo gari lenye maji matupu na mfuniko mbovu wa rejeta linabakiwa na nafasi ndogo sana kabla ya kuchemsha. Gari hilo hilo pengine lilitoka pwani bila kusumbua.

Ndiyo maana mfuniko wa rejeta, kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika habari hii, unastahili kutazamwa kabla ya kununua kulanti yoyote. Kazi yake ni kubana presha. Mfuniko mzima wenye alama 0.9, ambao ni wa kawaida kwenye magari ya Kijapani, unapandisha kiwango cha kuchemka kwa maji matupu Sumbawanga hadi nyuzi 115 hivi. Nusu ya maji hayo ikiwa kulanti, kiwango kinapita nyuzi 120. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, kulanti ya bei ghali haitafidia.

Faida nyingine ya kulanti haionekani kwa macho: ni dawa zinazozuia kutu. Maji ya bomba au ya mtoni yana chumvichumvi zinazojenga ukoko ndani ya rejeta, na alumini ya silinda hedi huliwa taratibu. Kung'oa themostati, kama ilivyozoeleka kwenye gereji nyingi, hakuondoi ukoko. Injini inabaki na ubaridi kupita kiasi tambarare, inakula dizeli, na mlimani inachemka vilevile.

Dukani mnunuzi hukuta dumu za kijani, nyekundu, waridi na buluu. Rangi isimdanganye. Ni rangi tu anayotia mtengenezaji, na hakuna sheria inayowafunga watengenezaji wote watumie moja. Zile za kijani za mtindo wa zamani kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 2. Za kizazi kipya, zilizoenea tangu miaka ya 1990, huweza kufika miaka 5. Toyota hutumia nyekundu, na waridi kwa ile ya muda mrefu zaidi, lakini nyekundu ya kampuni nyingine si lazima iwe sawa nayo. Kinachofuatwa ni maelezo ya kitabu cha gari na yale yaliyoandikwa kwenye dumu. Kuchanganya aina mbili hufupisha maisha ya zote, na michanganyiko mingine hutengeneza ute unaoziba rejeta.

Wenye malori makubwa ya dizeli waongeze swali moja. Injini nyingi za aina hiyo zina silivu zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Mtetemo hutengeneza viputo vinavyopasuka juu ya chuma na kukitoboa matundu madogo, mpaka maji yanaingia kwenye oili. Kulanti ya gari dogo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Dumu liandikwe wazi kuwa ni la dizeli nzito.

Kuhusu bei, kuna kulanti isiyochanganywa na iliyochanganywa tayari. Lita 1 ya isiyochanganywa, ikitiwa maji sawa na yenyewe, inatoa lita 2. Kwa hiyo iliyochanganywa tayari ikiuzwa zaidi sana ya nusu ya bei ya ile nyingine, mnunuzi analipia maji. Maji ya kuchanganyia yawe yale safi yanayouzwa kwa kuongezea betri, si yale makali yenye asidi. Kumimina kulanti tupu kwa kudhani ndiyo nguvu zaidi ni hasara mara mbili, kwani maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti.

Maji ya rangi nayo huuzwa kwa jina la kulanti. Mfanyabiashara wa nafaka ana kipimo chake tayari, mizani. Lita 5 za maji zina uzito wa kilo 5, bila dumu. Lita 5 za kulanti halisi iliyochanganywa nusu kwa nusu huzidi hapo kwa gramu 350 hivi, na isiyochanganywa huzidi kwa zaidi ya nusu kilo. Uzito ukilingana na wa maji, hayo ni maji. Uzito ukizidi bado si uthibitisho kamili, kwa kuwa hata chumvi huongeza uzito.

Kulanti iliyobaki isiwekwe kwenye chupa ya soda. Ina ladha tamu na ni sumu kwa mtoto, mbwa na ng'ombe. Iliyotolewa kwenye rejeta nayo isimwagwe gerejini mahali ambapo mifugo hupita.