Shahada ya 'Honours' Katika Fasihi ya Kiingereza: Mwanafunzi Hukamilisha Nini?

Msimu wa mahafali ukifika, picha za vijana wetu waliovaa majoho hujaa kwenye simu kuanzia Lamu hadi Vanga. Chini ya picha huandikwa 'Honours', na hapo maswali huanza. Ni shahada ya pili? Ni tuzo? Ni ile ya heshima wanayotunukiwa wakubwa bila kuingia darasani? La, si yoyote kati ya hizo. Nimeona niieleze hapa kwa mfano wa fasihi ya Kiingereza, kwa sababu nawajua vijana waliosoma miaka minne wakakwama mlangoni kwa jambo dogo ambalo hakuna aliyewaambia mapema.

Utaratibu huu tumeurithi kwa Waingereza. Kule England, shahada ya kwanza huwa ya kawaida au yenye daraja, na hii ya daraja ndiyo 'Honours'. Kuipata, mwanafunzi hukamilisha krediti 360 kwa miaka mitatu, 120 kila mwaka. Krediti moja hukadiriwa kuwa saa 10 za kazi, ukijumlisha darasa, kusoma peke yako na kuandika insha. Jumla ni saa 3,600. Huko Scotland ni miaka minne na krediti 480.

Ngũgĩ wa Thiong'o alipomaliza masomo ya Kiingereza Makerere mwaka 1963, chuo hicho kilikuwa kikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1968, yeye pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika hoja mjini Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza iondolewe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati, ikiwemo fasihi simulizi. Matunda yake tunayaona hadi leo. Mwanafunzi wa fasihi nchini Kenya humsoma Shakespeare, lakini pia husoma riwaya za Afrika na Karibea, tamthilia, ushairi, nadharia na uhakiki, na masimulizi ya jamii zetu. Hapo mtoto wa Pwani ana mtaji nyumbani kwao: ngano za bibi, nyimbo za harusi na mashairi ya wazee ni mada halali ya utafiti.

Tuje kwenye masharti. Kuingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka sekondari huhitaji wastani wa C+ katika KCSE, na idara hutaka alama nzuri ya Kiingereza. Baada ya hapo ni miaka minne. Kila yuniti ina majaribio na insha za katikati ya muhula, ambazo katika vyuo vingi hubeba alama 30, na mtihani wa mwisho wenye alama 70. Kupita ni alama 40. Yuniti za lazima hazirukwi: ukiwa na wastani wa 68 na umeanguka yuniti moja ya lazima, huvai joho mpaka uirudie. Programu nyingi pia hutaka mradi wa utafiti mwaka wa mwisho, chini ya mhadhiri msimamizi.

Wastani wa mwisho ndio hutoa daraja. Alama 70 kwenda juu ni daraja la kwanza. 60 hadi 69 ni la pili juu. 50 hadi 59 ni la pili chini. Kuanzia 40 hadi 49, kwa kawaida hapa kwetu ni kupita tu, bila 'Honours'.

Sasa lile linalowakwamisha wengi. Si Shakespeare, ni makaratasi. Alama za yuniti ya mwaka wa pili hazionekani kwenye matokeo, na mwanafunzi hugundua akiwa mwaka wa nne, mhadhiri ameshahama. Mwingine alifanya mtihani bila kusajili yuniti. Mwingine ana salio la karo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila muhula ukiisha, kijana akague matokeo yake, aweke nakala za insha zilizosahihishwa na ushahidi wa usajili, na akidai alama adai kwa maandishi. Yuniti ya kurudia airudie mapema, maana nyingine hufundishwa mara moja tu kwa mwaka.

Wazazi nao wafahamu tofauti moja kubwa. Shahada ya sanaa katika fasihi, hata ya daraja la kwanza, peke yake haimfanyi mtu mwalimu wa sekondari. Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, hutaka shahada ya elimu yenye masomo mawili ya kufundisha, au stashahada ya uzamili ya elimu juu ya ile shahada ya sanaa. Nayo hutazama alama za KCSE za masomo hayo mawili. Swali hili liulizwe kabla ya kujaza fomu za chuo, si baada ya mahafali.

Na anayewaza kusoma ng'ambo ajue kwamba neno hili hubadilika maana njiani. Afrika Kusini, 'Honours' ni mwaka mzima wa masomo baada ya shahada ya kwanza ya miaka mitatu, krediti 120 zenye utafiti ndani yake, na ndiyo mlango wa uzamili. Cheti chako cha Kenya chenye neno lilo hilo si lazima kihesabiwe hivyo. Andikia chuo unachokitaka, uambatishe matokeo yote ya miaka minne, uulize watakupokea ngazi gani.

Mjomba au shangazi anayelipa karo hahitaji kuisoma riwaya hata moja. Lakini kila muhula anaweza kumwambia kijana: nionyeshe matokeo yako yote, yuniti kwa yuniti. Swali hilo halina gharama, na laweza kuokoa mwaka mzima.