Ndai ya Buda Inayumba? Cheki Hizi Vitu Nne Kabla Fundi Akule Doh Yako

Kama umekulia Buru, Donholm ama Umoja, hii ndai unaijua: Subaru Forester ya kitambo, ile SG5 ya 2002 mpaka 2007. Imepeleka familia ushago kila Disemba. Sahi imezeeka, na ukifika 80 pale Outer Ring inayumba ka mlevi.

Ya kwetu ilianza hivyo. Fundi akaiangalia dakika mbili, akasema shoki zote nne zimekufa. Buda akatoa chapaa, zikawekwa. Jioni hiyo hiyo bado inayumba! Kumbe zilikuwa bushi za mbele, vipande tu vya raba. Ndio maana nakuchanua: anza na ile kitu rahisi.

1. Matairi. Pima presha asubuhi kabla gari itoke. Namba sahihi iko kwa stika ya mlango wa dere, si kwa kichwa ya msee wa pancha. Cheki pia tarakimu nne kando ya tairi: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Na juu Forester inavuta miguu yote minne, usichanganye saizi. Utaua difu.

2. Bushi, linki na boljointi. Ikilia "ko ko ko" kwa bampu ukienda pole, shuku linki za stabilaiza. Ukishika breki ikivuta kando, cheki bushi, pia breki zenyewe. Inua gurudumu na jeki, weka stendi, kisha litingishe. Likicheza juu na chini, ni boljointi ama beringi. Likicheza kushoto na kulia, angalia tairodi. Hapo usijaribu kuendesha. Boljointi ikitoka ukiwa mbio, gurudumu linalala na mathe yuko ndani.

3. Shoki. Sukuma gari chini kwa kona, achilia. Inafaa irudi juu na itulie. Ikidunda dunda, ama uone mafuta kwa shoki, imeisha. Sasa hapa ndio wengi huchomeka: SG5 nyingi zina shoki za nyuma zinazojiinua zenyewe, na springi zake ni laini. Zikifa, matako ya gari inakaa chini. Ukienda Grogan ununue shoki za kawaida bila kubadilisha springi, itakaa chini hata zaidi. Nunua zote pamoja.

4. Alainment. Hii ni ya mwisho. Ukiifanya na bushi zimekufa, umetupa pesa, juu vipimo vitahama tena.

Na hata kama fundi ni beshte yako, usilipe kwa maneno. Mwambie akuonyeshe hiyo part mbovu ikicheza, ikiwa bado kwa gari. Akikataa, beba funguo zako uende.