Superman na Batman kwenye meza moja: namna ya kuchagua kanuni za mchezo wa mashujaa

Filamu za Spider-Man, Black Panther na Batman zinaangaliwa kila mahali, na hapa kwetu Goma, Bukavu au Uvira hakuna kijana asiyezijua. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba kwa zaidi ya miaka 40 kuna watu wanaowaigiza mashujaa hao mezani, kwa karatasi, kalamu na dadu. Umeme ukikatika, wanawasha mshumaa na mchezo unaendelea.

Namna ya kucheza ni rahisi kueleza. Mtu mmoja ni kiongozi wa mchezo, na wengine kila mmoja anashika shujaa wake. Kiongozi anasema: jengo linaungua, watoto wawili wamebaki orofa ya tatu, na mhalifu anakimbia na gari. Unafanya nini? Mchezaji anajibu. Pale ambapo matokeo hayana uhakika, dadu zinaamua.

Ugumu unaanza kabla ya hapo, siku ya kuchagua kanuni. Ziko nyingi, na hazifanani. Kundi likichagua vibaya, mmoja anapigana peke yake usiku kucha huku wenzake wakitazama tu. Wiki inayofuata hawarudi, na kitabu kilichonunuliwa kwa shida kinabaki juu ya kabati.

Mzizi wa tatizo

Mchezo wa kwanza wa aina hii uliojulikana sana, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Ndani yake wote wanaanza wakiwa wadhaifu, kisha wanapanda polepole. Mwaka 1977 kilitoka Superhero: 2044, na wachezaji wakakutana na jambo jipya: mashujaa wa katuni hawalingani hata kidogo. Superman anainua meli. Batman ni mtu wa kawaida mwenye akili, mazoezi na pesa. Katika katuni wanasimama bega kwa bega kwa sababu mwandishi ametaka hivyo, lakini mezani hakuna mwandishi. Ni kanuni zinazopaswa kufanya kazi hiyo, na kila mchezo umejibu kwa njia yake.

Wale wanaopenda hesabu

Champions, ya mwaka 1981, ilileta wazo la kununua nguvu. Kila mchezaji anapewa pointi, kisha analipia kila kitu: kuruka, ngozi ngumu, moto wa mikononi. Akitaka pointi zaidi, anakubali mzigo, kama adui anayemwinda, siri ya jina lake, au mama mzee anayemtegemea. Hapo mzigo wa shujaa unageuka kuwa sehemu ya hadithi. Dadu zake ni zile za pande sita, sawa na za ludo.

Bei yake ni muda. Kutengeneza shujaa mmoja kunaweza kumaliza jioni nzima. Sekunde 12 za vita zinagawanywa vipande vipande, na mwenye mwendo wa haraka anapata zamu nyingi kuliko mwenzake. Anayependa hesabu atafurahi. Asiyeipenda atasinzia.

DC Heroes, ya mwaka 1985, ilitatua tofauti ya nguvu kwa ujanja mzuri: kila ngazi ni mara mbili ya ile iliyo chini yake. Ngazi kumi zaidi ni nguvu mara 1.024. Hivyo mtu wa kawaida na Superman wanaingia katika jedwali moja bila namba za kutisha. Batman naye anapata pointi za ushujaa, anazotumia ili kufaulu pale ambapo mwili wake usingeweza.

Mutants & Masterminds, iliyoandikwa na Steve Kenson mwaka 2002, inaweka dari. Katika toleo lake la tatu, kundi likianza kwenye ngazi ya 10, kila mchezaji ana pointi 150, na usahihi wa pigo ukijumlishwa na uzito wake hauwezi kupita 20. Mpiga mishale analenga vizuri lakini pigo lake ni jepesi. Mwenye misuli anapiga kwa uzito lakini anakosa mara nyingi. Hakuna anayeachwa nyuma. Inatumia dadu moja ya pande 20, ambayo haipatikani dukani kirahisi huku kwetu, ingawa programu ya simu inaweza kufanya kazi hiyo. Kanuni zake za msingi zinasomwa bure kwenye intaneti, kwa Kiingereza.

Kanuni zinazofundisha ushujaa

Marvel Super Heroes ilitolewa na kampuni ya TSR mwaka 1984, na Jeff Grubb ndiye aliyetunga kanuni zake. Jedwali lake la rangi nne, nyeupe, kijani, njano na nyekundu, linaeleweka hata kwa mtoto. Lakini kilichofanya ukumbukwe ni Karma. Shujaa anaipata kwa kuokoa watu, kuzuia uhalifu, hata kutimiza ahadi kwa jamaa na marafiki. Anaitumia kurekebisha dadu mbaya au kukuza uwezo wake. Akiua mtu, anapoteza Karma yote.

Msomaji wa mashariki mwa Kongo, anayejua risasi moja inaacha nini nyuma yake, ataona kwamba kanuni hiyo si ya kitoto. Mchezaji mwenye nguvu za kubomoa nyumba analazimika kutafuta njia nyingine: kumfunga mhalifu, kumzungumzia, kumzuia bila kummaliza. Hakuna anayemhubiria. Kwenye karatasi yake anaona mwenyewe kile atakachopoteza.

Masks, ya Brendan Conway, iliyotoka mwaka 2016, imeenda mbali zaidi. Haijali shujaa anainua kilo ngapi. Wahusika wote ni vijana, na namba zao zinaonyesha namna wanavyojiona: mwokozi, hatari, mtu wa ajabu, bora kuliko wengine, au mtu wa kawaida tu. Mtu mzima anayeheshimiwa akimwambia kijana kwamba yeye ni hatari, namba zinahama. Shujaa akipigwa, hapotezi damu: anaingiwa na hofu, hasira, aibu ya kosa, kukata tamaa au kutojiamini. Dadu mbili za ludo zinatosha. Ukipata 10 na zaidi umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama fulani, chini ya hapo mambo yanaharibika. Kuna toleo la Kifaransa, jambo linalosaidia sana kwetu.

Asiyependa kuzungumzia hisia mbele ya wengine hatajisikia vizuri katika Masks. Na anayetaka kupima nani ana nguvu zaidi hatapata jibu.

Jina kubwa si dhamana

Wengi wanachagua kwa jina lililo juu ya jalada. Inafaa kuwa makini. Mchezo wa Marvel unategemea ruhusa ya Marvel. Marvel Heroic Roleplaying ilitoka mwaka 2012 na kusifiwa sana, lakini mwaka 2013 ruhusa ikaisha na vitabu vikaacha kuuzwa. Aliyekuwa na kitabu aliendelea kucheza, ila aliyechelewa alikosa. Mwaka 2023 Marvel ilitoa mchezo mwingine, Marvel Multiverse, wenye dadu tatu za pande sita na mashujaa waliopangwa katika ngazi sita. Kwa anayetaka kuwa Spider-Man leo, huo ndio mlango ulio wazi. Lakini ngazi si mapambo. Ukiweka shujaa wa ngazi ya pili pamoja na wa ngazi ya sita, lile tatizo la Superman na Batman linarudi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Kundi likae kwanza na kujibu haya. Je, tunataka mashujaa wanaojulikana au wetu wenyewe, wa mtaa wetu? Nani kati yetu atasoma kitabu chote, na kwa lugha gani? Wenye nguvu na wasio nazo watasaidiana vipi? Tunataka jioni ya mapigano, au jioni ya maamuzi magumu?

Anayependa kupanga kila kitu aanze na Mutants & Masterminds, kwa kuwa kuijaribu hakugharimu kitu zaidi ya megabaiti za simu. Wanaotaka hadithi na dadu mbili tu waanze na Masks. Champions ibaki kwa wenye uvumilivu na kalkuleta.

Kwa vyovyote, msinunue kabla ya kucheza jioni moja na mashujaa waliokwisha tengenezwa. Baada ya saa mbili, kiongozi wa mchezo amtazame yule aliyeongea kidogo kuliko wote na kumuuliza kama alipata nafasi ya kufanya jambo la maana. Akisema hapana, tafuteni kanuni nyingine.